Nilisema Ni Upepo

Kaske yangu ina matundu mawili. Niliyatoboa mwenyewe kwa chuma nilichokipasha moto mpaka kikawa chekundu, tundu moja kila upande, pale sikio linapokaa. Plastiki ilinuka siku nzima, na mama yangu akaniuliza kama nimeamua kuichoma nyumba sasa hivi au nitasubiri tule kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeruhusiwa kwa mara ya kwanza kuitwa fundi, na nilitembea mtaa mzima na kofia ile ngumu kichwani kama bwana harusi. Polisi walionisimamisha walidhani imeoza. Sikuwaeleza kitu. Fundi wa pikipiki asiyesikia injini ni mshika spana tu, ndivyo nilivyofunzwa, na mimi sikutaka kuwa mshika spana.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee mmoja wa hapa hapa Bwiza, Bujumbura, Mwislamu kama mimi, aliyefungua garaji yake kabla sijazaliwa. Kaske yake nayo ilikuwa na matundu. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, halafu ufumbe macho. Vali ina mlio wake. Cheni ya ndani ina mlio wake. Rulema, ule mduara wa goroli unaolifanya gurudumu lizunguke, ikikauka inatoa mlio mwembamba wa juu kabisa, kama mbu aliyeingia kwenye chandarua. Lakini bisibisi, alisema, ni kwa pikipiki iliyosimama. Ukitaka kujua ukweli wote, ipeleke esai, yaani uiendeshe mwenyewe barabarani kwa kasi, kichwa juu, masikio wazi. Alikuwa akisema hayo kwa kufoka. Alifoka kwa kila kitu mzee yule, hata akikutakia Idi njema alifoka.

Barabara yetu ya esai ilikuwa ile ya kusini inayofuata ziwa. Miezi ya kiangazi, kuanzia saa saba au saa nane mchana, upepo unatoka ziwani na kuivuka barabara hiyo kwa upande. Ukipita Kibenga kuta za nyumba zinakukinga. Halafu ukuta unaisha, kuna kiwanja kitupu, na hapo ndipo unapopigwa. Sisemi kusukumwa, nasema kupigwa: shavu, bega, kifua, tena shavu, na kaske inavutwa nyuma mpaka mkanda unakukaba koo. Ukuta mwingine unakuja, unapumua, unajiona mjanja, ukuta unaisha, unapigwa tena. Lori kubwa likipishana nawe hapo, upepo wake unakutana na wa ziwa na wewe uko katikati, na pikipiki inatikisa kichwa kama mbuzi anayekataa kamba. Watu wenye akili walikuwa wanaikwepa barabara hiyo mchana. Sisi tuliifuata, tukiamini kwamba pikipiki isiyolalamika kwenye upepo ule haitalalamika popote.

Na katikati ya vurugu hiyo mimi nilikuwa nasikiliza. Upepo ukiingia kwenye tundu la kaske unatoa sauti ya turubai linalochanwa karibu na sikio, bila kituo. Juu ya sauti hiyo nilikuwa naweza kuutenga mlio wa vali moja iliyolegea. Sijisifu. Au ndiyo, najisifu, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichowahi kuwa nacho cha kujisifia. Watu walivuka mpaka kutoka Kongo kuniletea pikipiki zilizowashinda mafundi wao. Jioni masikio yangu yalikuwa yanalia mpaka baada ya swala ya isha. Sisi mafundi tuliita hali hiyo kuimba. Ambaye masikio yake hayakuimba jioni tulimtania kwamba siku hiyo alilala. Niliendesha hivyo miaka ishirini na sita.

Mke wangu ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa jikoni ananiambia jambo, nami nikaitikia ndiyo, kama nilivyokuwa nimezoea kuitikia kila kitu, kumbe alikuwa ameniuliza nani amekufa, maana alikuwa amesikia kilio cha msiba nyumba ya tatu. Akaja akasimama mlangoni, mikono ina unga.

“Siku hizi we unasikiaka tu wanaume,” akasema.

Nikamjibu kwamba wanaume ndio wenye pikipiki. Hakucheka, na alikuwa na haki, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli tupu. Nilimsikia mchomeleaji wa jirani akikohoa, nilimsikia imamu, nililisikia lori likipanda barabara ya pili. Yeye na binti yetu nilikuwa nasikia pumzi zao tu, maneno hayamo ndani. Binti yetu ana miaka minane. Alikuwa na kawaida ya kunisomea masomo yake jioni huku nikinawa mafuta mikononi, nami nilikuwa natingisha kichwa mahali nilipodhani sentensi imeisha. Siku moja aliacha. Alichukua daftari akaenda kumsomea mama yake, na mimi nilibaki na sabuni mkononi.

Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa mpaka nikawa mkali. Nilianza kufoka garajini, nikawafokea wateja, nikamfokea hata mama anayeuza chai mbele ya mlango wetu, ambaye hajawahi kumkosea mtu. Na siku moja katikati ya kufoka nikaisikia sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa sauti ya mzee wangu. Miaka yote ile tulidhani ni ukali. Tulimwogopa, tulimwigiza nyuma ya mgongo wake, tukacheka. Mzee wa watu alikuwa kiziwi, na alikufa bila kumwambia mtu, na kaske yake yenye matundu walipewa watoto wachezee.

Mimi nami sikumwambia mtu. Fundi wa spana akikatika kidole anafunga kitambaa, kesho yuko kazini. Mimi watu walikuwa wananijia kwa ajili ya masikio. Ikijulikana kwamba yameisha, nitawaambia waje kwa ajili ya nini? Basi nikajifunza hila. Nilimfanya mteja anieleze ugonjwa wa pikipiki yake mara mbili, nikamtazama mdomo. Nilikuwa naweka kiganja kwenye injini, nafumba macho, naonekana bado ni yule yule. Milio mizito ya chini niliisikia bado, injini inayogonga, bomba lililotoboka, na hizo nilizitangaza kwa sauti kubwa ili zisikike mpaka barabarani. Zile nyembamba za juu niliziacha zipite na nikajiambia kwamba hazikuwepo.

Hali yangu ilikuwa hivyo alipokuja dokta.

Tulimwita dokta, ingawa yeye ni mkunga. Anazalisha wanawake kwenye kituo kidogo cha afya huko kusini, kando ya barabara ile ile ya ziwa, na anakaa Kinanira, juu mlimani. Mafuta yalipoanza kukosekana mjini, mabasi yakawa ya kuotea, akanunua pikipiki iliyokwishatumika akajifunza kuendesha mwenyewe. Mwanamke juu ya pikipiki Bujumbura anatazamwa mpaka anapotea kwenye kona. Yeye hakujali. Alikuja garajini mchana wa jua kali, kasha la plastiki la vifaa vyake limefungwa nyuma ya kiti, na mkononi chupa ya maji yenye nusu lita ya petroli. Alijua nitataka kufanya esai, akaona aibu kuniletea tenki tupu.

“Fundi, inanitetemesha kwenye upepo,” akasema, polepole, nikamwona kila neno. “Iko na shida ao ni mi sijue kuendesha?”

Hilo ndilo swali alilonipa, na lilikuwa swali zuri. Ninalikumbuka kwa sababu tangu siku ile sijapata saa moja ya kulisahau.

Nikavaa kaske yangu ya matundu, nikaenda. Upepo siku ile ulikuwa umeamka vibaya. Nilipita Kibenga, ukuta ukaisha, nikapigwa, na pikipiki ikatikisika chini yangu. Nilikaza mwendo. Ikatikisika zaidi. Kwa mikono peke yake usingeweza kujua kinachoitikisa, kama ni upepo wa ziwa au kitu ndani ya gurudumu, maana upepo ule unatikisa hata pikipiki iliyotoka dukani asubuhi. Hapo ndipo sikio linapoulizwa. Nikainua kichwa, nikakigeuza kidogo upande wa kushoto kama nilivyofunzwa, nikasikiliza. Nilisikia upepo tu, nikaamini kuna upepo tu.

Kulikuwa na njia nyingine. Unaegemeza pikipiki kwenye stendi, unainua gurudumu la mbele, unalishika kwa mikono miwili, unalitikisa kushoto na kulia. Likicheza, rulema imekufa. Ni kazi ya dakika moja, anaifanya hata mtu aliyeanza kazi jana. Mimi sikuifanya, kwa sababu tangu ujana wangu nilikuwa nawacheka wanaoifanya. Tulisema hao wanapapasa kama vipofu.

Nilirudi nikamwambia, “Ni upepo tu, dokta. Upepo na mikono yako.”

Na nikamfunza. Loo, nilimfunza vizuri. Nilikuwa na furaha siku ile, kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi nilijiona bado nina kitu cha kumpa mtu. Nilimtolea kasha lile nyuma, nikamwambia linashika upepo kama tanga na linaivuta pikipiki mkia, vifaa avibebe mgongoni kwenye begi lililobana. Nilimfunga zipu ya koti mpaka shingoni ili lisimpepee. Nilimwambia abane tenki kwa magoti na alegeze mikono, alegeze kabisa, viwiko vikunjwe, maana anayekamata usukani kwa nguvu ndiye anayeupeleka upepo kwenye gurudumu. Ainame kidogo, kidevu chini. Apunguze mwendo kabla ukuta haujaisha, sio baada. Atazame mbali, sio kwenye lami iliyo mbele yake. Usukani ukitingishika, asipigane nao, auache ujirudie. Alirudia kila jambo kwa vitendo, amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa katikati ya garaji, mama wa chai akimtazama na kucheka. Alipoondoka alinipungia mkono mmoja, na ule mwingine ulikuwa umelegea kwenye usukani kama nilivyomwambia.

Wiki iliyofuata alipita, akasimama bila kuzima, akaniambia sasa ni afadhali. Niliona mdomo wake unacheka. Nilifurahi mpaka nikamsimulia mke wangu.

Pikipiki ililetwa wiki mbili baadaye, imelazwa nyuma ya gari la mizigo, kioo kimoja hakipo, usukani umepinda. Wanaume walioileta walikuwa na habari moja, kila mmoja anataka kuisema yeye. Dokta alikuwa anakwenda kazini zamu ya mchana. Alipopita ukuta wa mwisho upepo ukamchukua, ukamtupa upande wa mchanga. Bahati hakukuwa na lori. Mkono wa kulia umevunjika, yuko hospitali. Kila mtu akawa na kisa chake cha upepo wa kiangazi hiki, mabati ya nani yaliruka, kibanda cha nani kilianguka. Nilitingisha kichwa pamoja nao. Nilisema ndiyo, upepo wa mwaka huu ni mbaya. Nilisema hivyo na nilikuwa sijaitazama bado ile pikipiki.

Walipoondoka niliinua gurudumu la mbele nikalizungusha. Lilizunguka nusu, likakwama. Nilifungua. Ndani ya rulema goroli chache zilikuwa zimebaki, nyingine zimesagika zikawa unga mwekundu wa kutu ulionibaki vidoleni. Nilikaa chini kwenye sakafu.

Rulema haifi ghafla. Inakauka kwanza, halafu inaanza kulia, na inalia wiki nyingi, kila mtu mwenye sikio anaisikia, ndipo inavunjika. Siku ile ya esai ilikuwa inalia. Lazima ilikuwa inalia. Mimi nilikuwa juu yake, kichwa juu, masikio wazi, na ilikuwa inalia chini yangu nami niliambiwa na kiburi changu kwamba ni kimya.

Nilitaka bado kujidanganya. Kwenye kopo la vyuma vibovu nilikuwa na rulema nyingine kavu, ya kutupwa. Nikaitia kwenye kidole, nikaisogeza karibu na sikio langu la kulia, lile zuri, nikaizungusha kwa nguvu. Hamna. Nikaizungusha tena. Nilihisi mtetemo kwenye mfupa wa kidole, basi. Nikainuka nikatoka nje, nikaizungusha mbele ya mama wa chai, nikamuuliza kama anasikia kitu. Aliziba masikio yake kwa mikono miwili. Akaniomba niache, alisema inamuuma mpaka kwenye meno.

Siku tisa nilinyamaza. Sina maneno mazuri ya kuzipamba siku hizo. Niliitengeneza pikipiki yake kwa mikono yangu, rulema mpya mbele na nyuma, nikaisafisha mpaka ikang'aa, kana kwamba mtu aliyevunjika ni pikipiki. Kila aliyeingia alisema upepo, nami nikasema upepo. Msikitini niliweka paji la uso chini na sikuomba msamaha, niliomba habari isijulikane. Sauti ya imamu niliisikia vizuri kabisa. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa nimebakishiwa sauti nzito zote za dunia, na sauti ya mwanamke aliyekuja kuniuliza swali zuri haikuweza kuingia tena. Usiku sikulala, mchana sikula. Nilifikiria kufunga garaji. Nilifikiria mambo mengine ambayo sitayaandika.

Asubuhi ya siku ya kumi nilimwambia mke wangu. Nilimwambia yote, masikio na rulema, huku nikitazama kikombe. Nilipoinua macho alikuwa amehama kiti, amekuja kukaa mbele yangu kabisa ili niuone mdomo wake, na nikaelewa kwamba alikuwa anajua habari ya masikio kitambo, alikuwa ananisubiri. Hakunifokea. Alisema neno moja, niende.

Nilipanda Kinanira kwa miguu. Juu kule hakuna upepo wa ziwa, kuna miti ya ua na utulivu. Alinifungulia mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta mpaka karibu na kiwiko, vidole vimetoka mbele, vimevimba. Alinipa kiti. Alitaka kunipa na chai, nikamkatalia kwa ishara, maana nisingeweza kumtazama akimimina kwa mkono ule mmoja. Akanieleza kuhusu vidole. Alijaribu kuvikunja mbele yangu, viwili vikatii, vitatu vikabaki kama vilivyo. Daktari wake alikuwa amemwambia wasubiri, labda vitarudi, labda havitarudi vyote. Mkunga anafanya kazi yake kwa vidole, sikuhitaji kuelezwa hilo. Halafu akaniangalia kwa haya, mwanamke yule, akasema:

“Unisamehe fundi. Nililegeza mikono vile ulinionesha. Labda sikulegeza vizuri.”

Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba msamaha. Alikuwa amelala kitandani siku kumi akiyapitia mafunzo yangu moja moja, magoti, viwiko, kidevu, akitafuta alikokosea. Kama nilikuwa na njia ya kutoka mlango ule bila kusema, iliishia hapo.

“Apana upepo, dokta,” nikamwambia. “Ni rulema. Ilikuwa inalia siku ile uliniletea, na mi sikuisikia. Mi sisikie tena. Ni miaka sasa. Sikukuambia.”

Akainuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Niliona bega lake likisogea, kwa hiyo alikuwa anazungumza. Alizungumza kidogo, akanyamaza, akasubiri. Mimi nilikaa pale kwenye kiti kama mshtakiwa asiyejua kama amehukumiwa au ameachiwa. Ningeweza kuitikia ndiyo. Miaka yote nilikuwa nimeitikia ndiyo.

“Geuka, dokta,” nikasema. “Kama sikuone mudomo, siwezi kuelewa.”

Akageuka. Alikuwa amelia, lakini macho yake sasa yalikuwa ya kazini, macho ya mtu anayeangalia ugonjwa na kuuliza umeanza lini. Akaja mpaka karibu yangu, akainama, akaliweka neno ndani ya sikio langu la kulia, taratibu, kwa sauti nzito aliyoitafuta chini kabisa ya kifua chake.

“Niliuliza, na wengine?”

Nilimwambia wengine gani, ingawa nilijua. Akasema, wale wote uliwaambia ni upepo.

Sijui ni wangapi. Nimekaa na mke wangu tukajaribu kukumbuka, yeye akiandika, na kila tukimkumbuka mmoja anakuja na mwenzake. Yule motari, wa pikipiki ya abiria, anayewapeleka walimu. Yule anayefunga matenga ya samaki nyuma. Yule kijana mwenye mke mjamzito. Kiangazi kizima, na kiangazi cha kabla ya hicho, kila aliyekuja akasema pikipiki inanitetemesha nilimpandia nikaenda mpaka ukuta wa mwisho, nikarudi nikampa jibu lile lile, na alinishukuru. Wengine sijui hata wanakaa wapi. Wako huko, wanalegeza mikono.

Kwa hiyo sasa mchana sifungui garaji. Saa saba na nusu niko kule Kibenga, pale ukuta unapoisha, nimesimama kando ya lami na upepo unanipiga shavu. Kila pikipiki ninayoitambua naisimamisha. Nainua gurudumu la mbele, nalishika kwa mikono miwili, nalitikisa. Nyingi ni nzima, wenyewe wanaondoka wakitikisa kichwa, na midomo yao naiona inasema fundi amechanganyikiwa. Kwenye karatasi ya mke wangu nimeshafuta majina mengi, na mengi zaidi hayajapita. Wengine labda hawatapita tena barabara hii, na sina wa kumuuliza kwa nini.

Jana akapita yule wa matenga ya samaki, na nyuma yake amemkalisha mama yake. Nilimpungia mikono yote miwili mpaka akasimama. Nikamshusha mama, nikainua gurudumu, nikalitikisa, nikahisi likicheza. Lilicheza kidogo tu, upana wa ukucha, lakini mikono haikuwa na shaka. Nikamwambia azime, hapo ndio mwisho, watatembea. Alivua kaske akaanza kubisha, mkono umenyooshwa kuelekea ziwani. Upepo ulichukua sauti yote, lakini mdomo wake niliusoma kabla hajamaliza. Alikuwa anasema, fundi, we mwenyewe ulisema ni upepo.

Nikauchomoa ufunguo wake, nikauweka mfukoni mwangu.